Mashine Isiyovikwa Kanga

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi kabla umri wa kustaafu haujanifikia, huwa nashika kiuno na kusema: mgongo. Jibu hilo nimelitoa kanisani, harusini, kwa daktari, na hata kwa dada yangu wa tumbo moja, ambaye alinichemshia majani machungu mwezi mzima nami nikayanywa yote bila haya. Si kweli. Mgongo uliniuma, lakini uliniuma siku niliyoacha kazi, baada ya kuiacha, na sababu yake mtaiona. Kilichonitoa kazini ni simu moja.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosoma ufundi. Hivi karibuni walikuja watatu nyumbani kwangu Nyakahanga, wamevaa ovaroli ambazo bado zina mikunjo ya dukani, wakaniamkia, wakaketi, wakauliza kama roboti za kushona zitawanyang'anya kazi. Niliwapa chai na jibu la kitaalamu, lenye "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". Waliposhika njia nikajua nimesema uongo mwingine wa mgongo. Haya, hili ndilo jibu.

Kwanza mjue nani anayeongea. Nina shahada ya uhandisi wa nguo, imewekewa fremu, inaning'inia sebuleni juu ya televisheni. Koti langu la kanisani limefungwa kwa pini tangu kifungo kilipodondoka, kwa sababu siwezi kukishona kikakaa. Nilifanya kazi miaka mingi katika viwanda vya pwani, nimesimama nyuma ya wanawake wengine na saa mkononi, napima kasi ya vidole vyao. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniomba niketi nimwonyeshe. Nadhani walijua.

Kisha mwekezaji mmoja akanunua ghala la zamani la kahawa kando ya barabara ya Ndama, akaweka cherehani za umeme, akaanza kushona sare za shule na mashuka. Alitafuta mhandisi. Mimi nilitafuta sababu ya kurudi nyumbani, maana mama alikuwa amezeeka na kibanja kimeliwa na magugu hata migomba haionekani. Nikarudi Karagwe na sanduku la vitabu na masikio yaliyozoea kelele.

Fundi wa mitambo hapo aliitwa Jovin, mzee mfupi aliyeanza kwa kutengeneza cherehani za miguu za akina mama wa kanisa. Alinifundisha kusikiliza. Sindano ikianza kuchoka, alisema, mshono hutoa sauti ya mtu anayetafuna karanga. Usingoje ivunjike, ibadilishe ukisikia karanga. Uzi ukikatika mara kwa mara usiukaripie uzi, tazama vumbi chini ya bobini. Haya nawapa bure na yashikeni. Lakini msimfanye Jovin malaika. Ndiye aliyepangusa kamera ya kwanza ya roboti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya taa yamesafisha kila kitu tangu enzi za baba yake, nayo kamera ikapofuka moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimemshikia chupa.

Katika ghala lile palikuwa na desturi ambayo sikuikuta pwani. Huku kwetu habari ya msiba haingoji saa ya mapumziko. Ikifika kiwandani kwamba jirani wa fulani amefariki, yule fulani alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akavua kanga yake ya mabegani na kuivika cherehani. Kisha akaondoka. Kumaliza mshono ilikuwa lazima. Kuacha nguo nusu chini ya sindano walikuona kama kumwacha marehemu macho wazi. Na cherehani iliyovikwa kanga haikuulizwa. Waliokaa kulia na kushoto walivuta kazi yake, huyu kidogo, yule kidogo, hakuna aliyewapanga, na jioni kazi ilikuwa imefika, au karibu.

Nilipofika nilitaka kuifuta desturi hiyo. Nilipima, nikachora michoro, nikakuta hasara yake ni ndogo kuliko ya umeme kukatika. Nikaiacha, nikajisifu kwa busara. Sikujiuliza iliwezekana vipi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Kila kitongoji kwetu kina kikundi cha kuzikana. Msiba ukitokea, kila nyumba hutoa mtu. Wanaume huchimba kaburi. Wanawake huteka maji, hubeba kuni, humenya ndizi, hukaa na wafiwa na kulia nao. Mwanamke hashiki jembe la kaburi. Hilo hata halijadiliwi. Nyumba isiyotoa mtu hupeleka faini, kwa kawaida sukari na maharage, na faini ipo kwa ajili ya mgonjwa na aliye safarini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu mwenye afya, anayeonekana barabarani kila asubuhi, angeishi kwa faini.

Sasa roboti. Msije mkafikiri mtu wa chuma aliyekaa kwenye kiti. Ilikuwa meza kubwa yenye kichwa cha cherehani kinachotembea chenyewe, kamera juu yake, na mkono mmoja unaonyanyua kipande cha kitambaa kwa kunyonya upepo. Kazi yake ilikuwa moja: kukunja mfuko, kuuweka juu ya shati, kuushona. Chuma roboti zilikishika zamani; nguo imezisumbua dunia nzima hadi leo. Nguo ni kama mtoto aliyelala. Ukimnyanyua, kila kiungo kinaning'inia upande wake, na ukimlaza vibaya anaamka.

Kitabu cha maelekezo kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kuona ukungu wa Karagwe. Asubuhi kitambaa kilikunywa unyevu, vipande vikashikana, mkono ukawa unanyanyua viwili viwili, tukapata mashati yenye mifuko miwili mahali pamoja. Tulikuja kugundua kwamba kitambaa kikipigwa wanga na kupigwa pasi kinakuwa kikavu kama karatasi, na roboti inapenda karatasi. Shule moja ya Kyerwa ilileta malalamiko kwamba mashati yetu yanasimama yenyewe bila mtoto ndani. Nikawajibu kwa barua ndefu kwamba yakifuliwa mara moja yatalala. Kisha likaja jambo la senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa usiku. Msimu wao tuliacha taa za ghala zinawaka, na asubuhi tukakuta mashine imefanya kazi yake kwa uaminifu: kila mfuko una senene wake, ameshonwa akiwa mzima, miguu nje. Kamera ilikuwa imefundishwa kutafuta kingo za kitambaa. Haikufundishwa kutafuta uhai. Wanawake waliwafumua wote na mchana tukala senene wa kukaanga. Jovin akasema hii sasa ndiyo mashine ya maana.

Nimewachekesha kwa makusudi, maana kuanzia hapa hapachekeshi.

Roboti ilipotulia, safu nzima ya mifuko haikuhitajika tena. Siku ya kuwaaga, meneja wetu, Deo, kijana mpole aliyemwogopa mwenye kiwanda kuliko alivyomwogopa Mungu, aliwanunulia soda. Walikunywa, wakakunja vitenge vyao vya kukalia, wakaondoka. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mashine inakula mchana. Nikamjibu haili, kana kwamba alikuwa ameuliza kweli.

Alibaki mmoja wa kuilisha na kuiangalia: Adventina wa Chonyonyo. Nilimchagua mimi, kwa sababu taa nyekundu ikiwaka hakushtuka. Aliitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akijitupa chini. Tulikuwa rika moja. Alikuwa ameachika zamani, bila mtoto, na aliishi na mama yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja. Msichana wa kulipwa alikaa na mgonjwa mchana. Kaka yake pekee alikuwa Mwanza. Kwa hiyo kwenye kikundi chao cha kuzikana nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja wa kutoa, naye ni huyo huyo niliyemfunga kwenye mashine.

Wenzake walimtania walipokuwa wanaondoka. "Wewe umepata mume," mmoja alimwambia. "Halewi rubisi, hapigi, halali. Subiri siku unataka kwenda kwenu, ndipo utamjua."

Kila mtu alicheka, na Adventina zaidi ya wote. Alikuwa na kicheko cha ghafla na ulimi usio na breki. Msimu wa mvua maji yalikuwa yanaingia ghalani, na tulikuwa na jembe moja nyuma ya mlango wa mlinzi la kuzibulia mtaro. Siku moja mlinzi hakuwepo, nikajitosa mwenyewe nionekane mtu wa watu. Adventina alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu. "Dada Mhandisi," akasema, "unashika jembe kama kalamu." Likawa jina langu la utani mwaka mzima: Kalamu.

Msiba wa kwanza ulimkuta wiki chache baada ya kuanza na mashine. Jirani yake wa ng'ambo ya kibanja alifariki. Adventina alifanya alivyozoea. Alingoja mshono uishe, akavua kanga, akaivika mashine, akatoka. Hakujua, na sikuwa nimemwambia, kwamba mashine hii haina ncha ya mshono ambapo inapumzika. Mkono ulikuja, ukanyonya pindo la kanga, ukaiweka mezani, na kichwa kikashona juu yake mfuko wa shati la shule, safi kabisa, mishono sawasawa. Kisha ukarudi kuchukua upande mwingine wa kanga, vitambaa vikajisokota, taa nyekundu ikawaka na king'ora kikalia. Adventina alirudi akikimbia kutoka getini.

Kuisimamisha si shida. Shida ni kuiwasha. Ikizimwa kabla mzigo wa siku haujaisha, ilibidi nirekebishe kamera, mkono na kichwa upya, milimita kwa milimita, na katika baridi ya hapa kazi hiyo ilikula nusu siku. Siku ile ilikula siku nzima. Deo alisimama nyuma yangu akipokea simu za mwenye kiwanda. Jioni niliandika tangazo na kulibandika ubavuni mwa mashine: haizimwi wala haiachwi bila idhini ya Mhandisi. Nilitumia herufi kubwa. Adventina aliikata ile kanga akabaki na kipande chenye mfuko, akakivaa mabegani na kuweka simu yake humo. Alisema angalau mume huyu amempa mahali pa kuweka simu.

Msibani hakwenda. Wala msiba uliofuata.

Nilimwona ananyamaza, na kunyamaza kwake kulinisumbua, nikatafuta ufumbuzi kama wahandisi wanavyotafuta. Wazo lilikuwa langu na nililipenda. Kwa nini faini imwelemee yeye? Kiwanda kipeleke sukari na maharage kila msiba unapotokea kwao, kwa bodaboda, mapema, kabla hata wafiwa hawajakaa. Deo alikubali haraka, maana gunia la sukari ni rahisi kuliko mfanyakazi wa pili. Tukaanza. Habari ikifika, Adventina ananiambia, mimi naita bodaboda, mzigo unakwenda Chonyonyo na jina lake. Nilijiona nimeunganisha mila na teknolojia. Nilipanga hata kuandika makala.

Mwenyekiti wa kikundi chao, mzee Laurian, alikuja kiwandani baada ya misiba kadhaa. Aliketi kwenye benchi la nje, kofia magotini, tukaulizana hali ya mama yangu, hali ya kahawa, na kama mvua itawahi. Alisifu ukubwa wa ghala. Mzunguko mrefu ulipokwisha akaniambia, "Mhandisi, sisi sukari tunayo."

Nikamweleza kuhusu kamera na milimita. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akasema, "Mwambie aje hata mikono mitupu. Akae tu, hata asubuhi moja." Nikamwambia nitaona. Aliinuka, akatikisa kichwa kuelekea ndani, akasema mashine ni kubwa, hongera, na akaondoka kwa miguu.

Nilimfikishia Adventina ujumbe, kwa namna yangu: nilimwambia mzee amekuja, ameelewa.

Alinitazama. Akaniambia kwamba wanawake wanaokwenda shambani wanakutana naye asubuhi akingoja bodaboda barabarani. "Wananisalimia vizuri mno, dada," akasema. "Zamani walikuwa wananitukana kwanza. Sasa wananisalimia kama mgeni." Akaomba jambo moja: afundishwe mtu wa pili. Mmoja tu, yeyote kati ya wale waliotolewa, ili akipata msiba awe na wa kumwachia. Mama yake, alisema, hana muda mrefu, na nyumba haina mwanaume wa kushika jembe. Siku hiyo ikifika atawategemea watu ambao hajawazikia mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoshindwa kukipima kwa saa yangu. Kanga haikuwa ruhusa. Kanga iliwezekana kwa sababu kulia kulikuwa na mtu na kushoto kulikuwa na mtu. Tulipoondoa safu, waliotoka walikwenda na mikono iliyokuwa inavuta kazi ya aliyebaki. Mkitaka jibu la swali lenu la kwenye chai, ni hili. Mnaogopa kufukuzwa na roboti. Ogopeni pia kubakizwa nayo.

Nilikwenda kwa Deo. Alikubaliana nami kwa kila neno, akasema ni jambo la msingi kabisa, tulitazame baada ya oda hii. Kulikuwa na oda kubwa ya shule za Kyerwa kabla ya muhula kufunguliwa. Ningeweza kugonga meza. Ningeweza kumfundisha mtu kimyakimya, jioni, bila kumwuliza mtu. Jovin alijitolea hata kumtafuta. Nikasema tusubiri oda iishe, kwa sababu mashine ilikuwa inakwenda vizuri kuliko wakati wowote, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo kulikuwa na kitu kinachotembea kwa sababu yangu. Iliposhona, nilihisi kama nashona mimi. Kwa mtu anayefunga koti kwa pini, hilo ni jambo kubwa.

Oda haikuwa imeisha mama yake alipofariki.

Adventina alinipigia alfajiri. Alisema tu mama ametutoka, na kwamba watamzika siku hiyo hiyo, mwili hautakaa, kaka hatawahi. Nikampa pole. Nikamwambia aende, asiwaze kitu, nitasimama kwenye mashine mwenyewe mpaka saa kumi, kisha nije mazikoni. Nilisema hivyo nikiwa na hisia nzuri juu yangu. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kushoto na wa kulia. Sikufikiri hata mara moja kuizima. Deo alituma sukari na maharage kwa jina la kiwanda, akaongeza shada la maua ya plastiki.

Nililisha mashine asubuhi nzima. Kazi yenyewe si ngumu: unapanga vipande, unatazama taa, unaondoa mashati. Ngumu ni kwamba safu nyingine ziko mbali, hakuna wa kuzungumza naye. Nilishtuka kujikuta naiambia mashine "haya, twende". Nilikuwa nimempa Adventina maisha haya na kuyaita kupandishwa cheo.

Jua lilipopita utosini simu ililia. Ni yeye.

Aliniamkia shikamoo. Sisi ni rika moja, hakuwahi kuniamkia. Aliniamkia kama mtu aliyeingia ofisini kuomba kitu.

"Sukari imefika," akasema.

Nikadhani ananishukuru. Nikamwambia asijali, kiwanda kimefanya wajibu wake.

"Si ya kiwanda peke yake. Ya kila nyumba. Tangu asubuhi bodaboda zinaingia uani, zinashusha, zinaondoka. Sukari na maharage. Kibaraza kimejaa, hakuna pa kukaa." Nilisikia upepo kwenye simu, na migomba. "Watu hawajaja, dada."

Nikauliza mzee Laurian yuko wapi. Akasema naye ametuma.

Nikauliza basi nani yupo. Yupo mchungaji, akasema. Yupo mjomba wake mwenye goti bovu. Na wapo wawili wa safu ya mifuko, wale wa soda. Mmoja ametoka mbali, amekuja kwa miguu, na ndio wanaomenya ndizi.

"Na kaburi?"

"Mjomba ameanza. Pana mawe. Goti limemkataa, amekaa chini pembeni."

Nilianza kuongea. Nilisema nitamwona Deo anipe vijana wa stoo, nitampigia mwenyekiti nimweleze, nisubiri tu bunda hili liishe, haitachukua muda, kisha nitafute gari. Nilisikia sauti yangu inapanga mambo, ina "kwanza" na "pili". Yeye hakujibu. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita jina lake.

"Naisikia," akasema.

"Nini?"

"Hapo nyuma yako. Bado inashona."

Nikageuka. Mkono ulikuwa umeshusha mfuko juu ya shati na kichwa kinazunguka, upande wa kushoto, chini, upande wa kulia. Nikasubiri kifike juu. Nikasubiri kisu kikate uzi. Kisha nikabonyeza kitufe chekundu, kompresa ikashusha pumzi ndefu, na ghala lote likanyamaza hata wa safu nyingine wakainua vichwa. Nilivua kanga niliyojitanda kwa ajili ya mazikoni nikaitupa juu ya kamera.

"Nimeizima," nikasema.

"Nimesikia." Akavuta pumzi. "Lile jembe la mtaro bado lipo?"

"Lipo."

"Basi njoo nalo," akasema. "Na usilishike kama kalamu."